Jungu Jipya la Mama Mvuke

Siku jungu la zamani lilipofura kitako, Shangazi alilipindua juu ya meza ya jikoni, akalaza rula ya mbao juu yake, akainama kuchungulia mwanga uliokuwa ukipita kati ya rula na chuma. Kisha akalifunika kwa kitambaa cha meza, taratibu, kama mtu anayemfunika marehemu.

“Halipiki tena,” alisema. “Chombo kisichokaa sawasawa motoni hakiaminiki, hata kama umeishi nacho miaka ishirini na miwili.”

Nieleze mapema, kwa kuwa wengi hulichanganya na sufuria ya presha ya kulainishia maharage ya jioni. Jungu la Shangazi lilikuwa refu, la alumini nene, lenye kumeza chupa saba za kioo za ujazo wa lita moja. Ndani ya chupa hutiwa maharage, nyama au supu; chini ya chupa huwekwa sahani ya matundu na maji ya kimo cha vidole vinne; kifuniko hukazwa, na mvuke uliobanwa humo hupata joto kali kuliko la maji yanayochemka wazi. Joto hilo ndilo linaloua vijidudu ambavyo maji ya kuchemka hayavitishi. Chupa iliyotoka humo salama hukaa kabatini mwaka mzima bila friji. Lakini presha ikipungua, au dakika zikipungua, chupa hutoka na sura nzuri ile ile, na ndani yake huenda mna sumu isiyonusika wala kuonekana. Hii ni kazi ambayo kosa lake halina uso.

Kwa sababu hiyo, vitu viwili tu ndivyo vyenye maana. Katikati ya kifuniko kuna kibomba chembamba cha kutolea mvuke, na juu yake hukaa kizito, kipande cha chuma cha ukubwa wa ngumi ya mtoto mchanga. Mvuke ukifikia paundi kumi hukinyanyua kizito na kukichezesha. Nusu ya kazi ni kujua kizito kimeanza kucheza lini. Nusu ya pili ni kuhesabu dakika tisini kuanzia hapo. Siku ile jungu lilipofura, dakika zilikuwa zimepita tisini, zikapita mia, maji yakakauka, na moto ukakila kitako. Shangazi alituambia kwamba alisinzia.

Binti yake mkubwa hakuridhika. Huyu ni mpima ardhi, mwanamke aliyezoea kuwaambia watu wazima mpaka wao uko wapi, na tangu utotoni tunamwita Bosi.

“Mama, safari hii limefura jungu. Safari ijayo kitafura nini?”

“Utafura wewe, kwa hasira.”

“Sitanii.”

“Najua. Ungejua kutania ungekuwa mwanangu kabisa.”

Bosi alitoa hukumu yake mbele yetu sote. Ama mama yake anunue jungu la umeme, linalojipima na kujizima lenyewe, ama aachane na mvuke, apumzike. Na mwaka huo hukumu ilikuwa nzito kuliko kawaida, kwa sababu mdogo wake, kitinda mimba wa nyumba ile, ambaye hata jina lake limebaki kuwa Kitinda, alikuwa na mimba ya miezi minane. Katika ukoo wetu, kila anayejifungua hupelekewa sanduku la Shangazi: chupa kumi na nne, maharage nusu na nyama nusu, ili mzazi asisogelee jiko mpaka atakapotaka mwenyewe. Mimi nililetewa la kwangu mke wangu alipojifungua. Bosi aliletewa mawili, na alilamba chupa.

Hivyo kilichokuwa mezani pale hakikuwa chombo. Kilikuwa swali la kama Shangazi bado anaaminika kumlisha mtoto wake.

Mimi ni mtoto wa kaka yake. Nilisoma chuo kikuu, na kwa miaka ishirini na tatu nimekuwa mhariri wa vitabu vya shule, kazi ambayo mtu hulipwa kwa kutoamini alichokisoma. Nyumbani wananiita Profesa, na hakuna anayekusudia kunisifu. Nikifunga mlango hurudi kuutikisa; nikizima gesi hurudi kuikagua, kisha hurudi tena kukagua kama niliikagua. Bosi alinichagua mimi nimsindikize mama yake dukani, kwa maelezo kwamba mtu mwenye shaka hawezi kurubuniwa. Nilikesha nikisoma habari za majungu, nikatengeneza jedwali la kurasa tisa.

“Kurasa tisa,” Shangazi alisema alipolipokea. Alilipima uzito kwa mkono, akalitia mkobani. “Karatasi ngumu. Itatufaa kufungia kifuniko.”

Ningependa kusema alikosea kulidharau jedwali langu. Lakini mwanamke huyu alikuwa amefanya kazi miaka thelathini na mmoja katika chumba cha kutakasia vyombo cha hospitali. Aliingia humo akiwa mfagiaji, akatoka akiwa msimamizi. Humo mlikuwa na mashine tatu za mvuke, kila moja kubwa kama kabati la nguo, na pampu moja iliyonguruma kutwa kucha. Mikasi na visu vya kupasulia watu vilipita mikononi mwake kwanza. Madaktari ndio waliomwita Mama Mvuke. Mumewe alipofariki, akabaki na mabinti wawili na zamu za usiku, muuguzi mmoja aliyekuwa akistaafu alimwachia lile jungu. Shangazi alilitazama, akaona ni mashine yake ya kazini imezaa mtoto. Tangu hapo mabinti walirudi kutoka shule wakakuta chakula kabatini, kimepikwa na mama ambaye hayupo. Walifungua chupa, wakala, wakagombana kuhusu nani aoshe.

Duka lenyewe lilikuwa la vyombo vya jikoni, refu na jembamba, sufuria zimening'inia darini. Muuzaji alikuwa bwana mwenye sauti ya mtangazaji wa mpira. Majungu matatu yalisimama juu ya kaunta. Shangazi hakuyatazama.

“Nionyeshe kwanza mipira ya akiba.”

“Mama, hujachagua jungu bado.”

“Ndiyo nachagua. Jungu litaishi miaka thelathini, mpira wa kifuniko utaishi mitatu. Kama huna mpira wake, unaniuzia ndoo.”

Muuzaji alicheka, akaenda stoo. Shangazi akatoa mkobani chupa moja ya lita na ile rula yake. Jungu kubwa kuliko yote halikuwa na mpira kabisa. Kifuniko chake kilikaa chuma juu ya chuma, kikikazwa kwa vitasa sita. Lilisifiwa sana katika ukurasa wangu wa tatu.

“Hili halichakai, mama. Utalirithisha.”

“Vitasa sita,” Shangazi alisema, akimwonyesha vidole vyake vilivyokunjwa na yabisi, “na hawa wafanyakazi wangu kumi wamegoma. Halafu nani atalibeba kwenda kuliosha? Wewe utakuja?”

“Ukiniita nitakuja.”

“Wanaume wote husema hivyo mbele ya kaunta.”

Likafuata la umeme. Muuzaji alifungua kifuniko. Shangazi alishusha chupa yake ndani, akahesabu nafasi kwa kidole: nne. Kisha akauliza umeme ukikatika dakika ya themanini inakuwaje. Muuzaji alikiri kwamba kazi huanza upya. Shangazi alinitazama kana kwamba mimi ndiye niliyelitengeneza.

“Lakini sikiliza jambo moja, mama,” alisema muuzaji, akijaribu kuokoa mauzo. “Dakika zikiisha linakuita lenyewe.” Akabonyeza kitufe. Jungu likalia mlio mkali, mwembamba, mara tano. Mteja wa nyuma yetu aligeuka. Shangazi alikuwa amesimama mbele ya jungu hilo, kiganja kimetulia juu ya kaunta kama ilivyo desturi yake ya kugusa kila kitu, uso wake umejaa adabu na subira.

“Basi libonyeze tulisikie,” alisema.

Muuzaji aliniangalia. Mimi niliangalia sufuria zilizoning'inia. Nilielewa papo hapo kwamba Shangazi hakusinzia siku ile. Sauti zetu nene alizipata, hasa akituona midomo. Mlio mwembamba wa kengele ulikuwa umehama kutoka katika dunia yake. Na nilielewa pia kwamba nikimwambia Bosi, hukumu itakuwa imekwisha, na nisipomwambia, na chupa moja ikaharibika, nitakuwa nimenyamazia sumu ndani ya chakula cha mzazi.

“Tuchukue hili la katikati,” Shangazi alisema.

La katikati lilimeza chupa saba. Kitako chake hakikupitisha mwanga chini ya rula. Kifuniko kilikuwa na mpira, mipira miwili ya akiba ilikuwapo, na kizito kilikuja na pete tatu za kuongeza uzito: paundi tano, kumi, na kumi na tano; sisi tunaokaa chini hutumia kumi, wa milimani hutumia kumi na tano. Pembeni lilikuwa na geji, kisahani cha kupimia presha chenye mshale mwekundu.

“Geji imepimwa kiwandani,” alisema muuzaji.

“Kilichopimwa kiwandani kimesafiri,” Shangazi alimjibu, “na barabara zetu unazijua.”

Njiani nilibeba jungu, yeye akabeba kizito chake mfukoni. Tulipofika kwenye kona ya nyumbani alisema, “Umenyamaza sana, Profesa. Ukinyamaza hivi huwa unaandika ukurasa wa kumi.”

Nilisema jungu ni zito. Lilikuwa zito kweli.

Wiki ile nilikwenda kwake kila jioni, nikijidai kujifunza matunzo, na kweli nilijifunza. Alinifundisha kuinua kifuniko dirishani na kuchungulia kibomba cha mvuke kama darubini: ukiona mwanga mviringo, kibomba ni kizima; ukiona mwanga uliomeguka, pitisha uzi. Mpira wa kifuniko huoshwa kwa sabuni laini, hukaushwa, kisha huzungushwa polepole kati ya vidole ukitafuta ufa. Geji haizamishwi majini hata kidogo. Maji ya jungu hutiwa kijiko cha siki ili chuma kisiwe cheusi. Na chombo kikishakauka, kifuniko hakifungwi. Hulazwa kichwa chini juu ya jungu, na karatasi katikati. Hapo ndipo jedwali langu lilipopata kazi.

“Mpira ukibanwa bila kazi hujisahau,” alisema. “Kama mstaafu.”

“Na geji? Tuipeleke ikapimwe.”

“Fundi wa geji yupo Jumatatu. Bosi anataka kuona kazi Jumamosi. Usihangaike. Geji ni shahidi. Kizito ni hakimu. Uzito hauna pa kujifunzia uongo.”

Mara tatu nilifungua mdomo nimuulize kuhusu kengele. Mara tatu niliuliza kuhusu siki.

Jumamosi saa nne asubuhi tulikuwa sote jikoni. Chumba kile ni kidogo: meza ndefu ya mbao yenye jiko la gesi la mafiga mawili, sinki chini ya dirisha, saa ya ukutani juu ya sinki, kabati la chupa. Shangazi alikuwa amevaa aproni yake ya kazini, iliyofuliwa mpaka ikapoteza rangi. Kitinda aliingia akitanguliwa na tumbo, akajikalisha kwenye kiti pekee chenye mto. Bosi alibaki wima, saa ya kuhesabia dakika mkononi.

“Harufu ya maharage imefika mpaka njiani,” Kitinda alisema. “Mimi na huyu tuna njaa.”

“Haya si ya leo,” Shangazi alisema. “Haya ni ya siku utakayokuwa huna nguvu ya kuwa na adabu.”

Chupa saba zilijazwa, zikaachiwa nafasi ya vidole viwili juu. Midomo yake ilifutwa, vifuniko vikafungwa kwa nguvu ya vidole tu. Jungu likafungwa. Kwa dakika kumi tuliacha kibomba wazi, mvuke ukitoka wima kama kamba nyeupe, ukifukuza hewa yote iliyobaki ndani. Kisha Shangazi akaweka kizito.

“Sasa, Mama,” alisema Bosi. “Nina sharti.”

“Nilijua unalo. Umelala nalo.”

“Mtu anayepika hakai anakodolea jungu. Anageuka, anakata vitunguu, anapiga soga. Kwa hiyo geuka. Tazama dirisha, utuambie kizito kitaanza kucheza lini. Ukipatia, endelea mpaka upate wajukuu wa wajukuu. Ukikosea, Jumatatu nalirudisha dukani, na Kitinda tutamnunulia chakula.”

“Sitaki chakula cha kununua,” Kitinda alisema.

“Hujaulizwa.”

“Mimi na mtoto wangu ni kura mbili.”

Shangazi hakubishana. Alichukua kisu na vitunguu, akatupa mgongo, akatazama dirisha. Mkono wa kulia ulikata. Ule wa kushoto, kati ya kitunguu na kitunguu, ulilala juu ya meza, kiganja chini. Niliuona, na sikuuelewa. Nilichofikiria ni kwamba yule aliyeshindwa kusikia kengele ya dukani hawezi kusikia kizito, na kwamba kunyamaza kwangu kumemleta hapa kuaibishwa mbele ya wanawe.

Bosi na mimi tulikodolea mshale wa geji. Tano. Saba. Kitinda, ambaye njaa yake haikungoja mtu, alikuwa ameteleka birika la chai kwenye figa la pili. Tisa. Kumi. Mshale ukagusa kumi na moja, na wakati ule ule nikasikia wazi wazi mlio wa chuma ukitetemeka juu ya chuma, haraka haraka. Shangazi alikuwa bado anakata vitunguu.

“Kinacheza,” nilisema. Huenda nilisema kwa sauti kubwa kuliko ilivyostahili. Huenda nilikusudia anisikie.

“Kumi na moja na kinacheza,” alisema Bosi, akabonyeza saa yake. “Mama, samahani. Dakika zimeanza.”

Shangazi hakugeuka. “Bado,” alisema.

“Mama, geji inasema kumi na moja.”

“Iache iseme.”

“Na sote tunasikia kizito kinalia.”

“Hilo ni birika,” Shangazi alisema.

Kitinda alinyoosha mkono, akainua birika kutoka motoni. Kifuniko chake kikaacha kutetemeka, na jikoni kukawa kimya kabisa. Tulitazama juu ya jungu, mahali ambapo mtu yeyote mwenye akili angetazama tangu mwanzo. Kizito kilikuwa kimesimama wima kama askari, kikitema punje moja moja ya maji, hakijacheza hata mara moja. Watu watatu wenye masikio mazima, mmoja wao msomi, tulikuwa tumeanza kuhesabu dakika za birika la chai.

Kitinda alianza kucheka kwanza, akishikilia tumbo. Bosi alijaribu kubaki na sura ya kazi, akashindwa kuanzia kwenye mabega. Mimi nilicheka kwa ahueni ambayo sikustahili.

“Tulieni,” Shangazi alisema, kiganja kikiwa pale pale juu ya mbao. “Mnaitikisa meza.”

Tulitulia. Geji ikasema kumi na mbili. Ikapita kidogo.

“Huyo,” Shangazi alisema.

Kizito kiliinama kulia, kikainama kushoto, kikaanza kucheza.

Bosi alifuta hesabu ya saa yake, akaianzisha upya. Kisha akamwendea mama yake, akasimama ubavuni, akamtazama ule mkono. “Umejuaje?”

“Weka mkono hapa. Si hivyo, unaigusa kama inaungua. Uache ulale.” Alikibana kiganja cha binti yake juu ya meza. “Unaipata? Ule mchanga unaomwagika chini kabisa ni maji yanachemka. Sasa juu ya mchanga kuna kuku anadonoa. Huyo ndiye kizito. Birika ni nzi ndani ya kopo, mwepesi, hana uzito wowote.”

Bosi alifumba macho. Ilimchukua muda. “Kuku,” alisema hatimaye, kwa sauti ndogo ambayo sijawahi kuisikia kwake tangu tukiwa watoto.

“Mle chumbani kwetu hospitali,” Shangazi alisema, “pampu ilikuwa inanguruma mpaka ukiongea na mwenzako unaona meno tu. Tulifanya kazi kwa viganja. Ukutani, kwenye bomba, kwenye mlango wa mashine. Miaka thelathini na mmoja sijawahi kusikia mvuke. Mnadhani ningeanza kuusikia uzeeni?”

Nilihitaji sekunde kadhaa kuielewa sentensi ile. Tulikuwa tukihofia kwamba amepoteza kitu ambacho hakuwahi kukitumia.

Lakini dakika tisini zilikuwa bado zipo, na hazina mtetemo. Tulikunywa chai. Bosi alisimulia juu ya ndugu wawili waliomwita apime mpaka wa shamba, kisha wakaungana kumfukuza yeye. Shangazi alisema bora yeye anapika jungu moja tu. Majungu anawaachia wanawe. Saa ya Bosi ilipofika tisini ililia, mlio mwembamba, karibu kabisa na kiwiko cha Shangazi. Shangazi aliendelea kusuuza vikombe.

Niliinuka kwenda kuzima gesi. Bosi alinizuia kwa mkono. Uso wake ulikuwa umebadilika. Alikuwa ameelewa ndani ya mlio mmoja kile nilichokificha wiki nzima. Tulisubiri. Dakika moja. Dakika ya pili ilikuwa haijatimia Shangazi alipoinua macho kuitazama saa ya ukutani juu ya sinki, akafuta mikono, akaja akazima moto.

“Mbona mmekaa kama mko kwa daktari?”

“Mama,” Bosi alisema, akihakikisha anatazamwa mdomo. “Saa yangu imelia. Hukuisikia.”

Shangazi aliketi. Aliikunja aproni magotini mara mbili.

“Sikio la kufa halisikii dawa,” alisema, “na langu sasa halisikii hata kengele. Ndiyo maana niliihamishia saa ya ukutani hapo ninapooshea vyombo. Siku ile jungu lilipofura, betri yake ilikuwa imekufa. Mimi nasuuza, natazama, nasema kumbe bado mapema. Nasuuza, natazama. Nilisuuza vyombo mpaka nikarudia visafi.” Alinigeukia. “Na huyu Profesa alijua tangu dukani. Kila siku anakuja na swali usoni, ananiuliza siki.”

Niliomba radhi, kwao wote wawili, nikiwa sijui kwa hakika ni kwa yupi nilikuwa na kosa kubwa zaidi. Bosi aliniangalia.

“Kazini kwangu,” alisema, akiwa bado ananiangalia mimi lakini akizungumza na mama yake, “kipimo kimoja si kipimo. Nukta nikiisoma kutoka upande mmoja tu, naifuta. Shida yako si masikio, Mama. Shida yako ni saa moja.”

“Basi nipe ya pili.”

“Si huyu hapa? Mtu anayekagua gesi mara tatu amekaa bila kazi.”

Hivyo ndivyo nilivyopata kibarua. Tangu siku ile, jungu halipandi motoni bila mimi kuwapo na saa na daftari. Naandika kizito kimeanza kucheza lini, na dakika zikitimia namgusa Shangazi bega. Sikumbuki kazi nyingine ambapo shaka yangu ilihitajika kiasi hicho. Jumatatu tulimpelekea fundi geji ile. Aliifunga kwenye mashine yake, akatikisa kichwa. Ilikuwa inazidisha kwa paundi mbili na nusu. Ilipotuambia kumi na moja, ndani ya jungu zilikuwa nane na nusu, na tungemhesabia Kitinda dakika tisini za chakula kisichosalimika. Muuzaji aliibadilisha bila ubishi, akauliza kama yule mama bado hajaolewa.

Lakini hayo ni ya Jumatatu. Jumamosi ile tuliacha jungu lipoe lenyewe, bila kulimwagia maji wala kuliharakisha, mpaka kizito kiliponyamaza na mvuke ukaisha kabisa. Shangazi aliinua kifuniko kwa kukielekezea upande wa pili, akazitoa chupa moja moja, akazipanga juu ya taulo. Zilipoanza kupoa, vifuniko vilijibonyeza ndani kwa mdundo mdogo, tik, na baada ya muda tena tik. Sisi tulizihesabu kwa masikio. Shangazi alisubiri mpaka zikapoa, akapita akibonyeza kila kifuniko kwa kidole gumba. Saba kwa saba, tukakubaliana.

“Mama,” Kitinda alisema kutoka kwenye kiti chenye mto, “hebu lete na huku hicho kiganja. Huyu tangu asubuhi hatulii. Niambie ni kizito au ni birika.”

Shangazi alivuta kigoda, akaufuta mkono kwenye aproni, akaulaza juu ya tumbo la mwanawe, akageuza uso kuelekea dirishani kama alivyofanya mbele ya jungu. Sote tukangoja. Hata bomba la sinki lilionekana kungoja.

“Bado,” alisema.

Tukaendelea kungoja. Kisha uso wake ukafunguka.

“Huyo. Kuku anadonoa.”

Bosi, bila kujijua, akatazama saa yake. Mimi nikatazama ya kwangu. Zilikuwa zimepishana dakika moja.